Poti: bandari au lango?

Wadau, leo tuweke programu kando kidogo tulichambue neno moja: poti.

Anayeshughulika na mitandao hulisikia kila siku. Tovuti husikiliza kwenye poti 80, au 443 ikiwa mawasiliano yamefichwa. SSH iko 22, namba aliyopewa Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995, katikati ya FTP (21) na Telnet (23). Kwa jumla kuna namba 65,536, kwa sababu namba ya poti huandikwa kwa biti 16.

Neno lenyewe limetoka wapi? Kilatini kina maneno mawili ya ukoo mmoja: portus, yaani bandari, na porta, yaani lango. Yote mawili ni mahali pa kupitia. Kiingereza kiliyapokea yakaishia kuandikwa sawa. Mabaharia wana poti ya kutia nanga, na mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaagiza upande wa kushoto wa meli uitwe vivyo hivyo. Kwa mhandisi wa umeme, poti ni jozi ya ncha ambapo mkondo huingia na kutoka kwenye saketi. Na kupoti programu, yaani kuihamishia mfumo mwingine, kunatokana na portare, kubeba.

Je, sisi tufuate lipi? Wengi hukimbilia bandari, neno tulilolipata kwa Waajemi. Ukisimama kwenye gati la Homa Bay utaelewa maana yake: chombo hufika, hufungwa kamba, mizigo hushushwa. Lakini pakiti ya data haitii nanga popote.

Sasa nenda Migori, Thimlich Ohinga. Ni boma la mawe yaliyopangwa bila saruji, lililojengwa yapata karne ya 16. UNESCO ililiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta ni nene, malango ni machache na mafupi. Mgeni lazima ainame, na aliye ndani humwona kabla hajasimama wima. Hiyo ndiyo poti! Ule ukuta ndio ukuta wa moto, na kazi yake ni kuamua lango lipi lifunguliwe na kwa nani.

Tofauti hii si ya urembo. Mwambie mwanafunzi "bandari iko wazi" atadhani biashara inaendelea vizuri. Mwambie "lango liko wazi" atauliza nani kaliacha, na nani anaweza kuingia usiku huu. Anayelinda seva ya hospitali au ya chama cha akiba anahitaji swali hilo la pili.

Mimi nachagua lango. Nyinyi je?