Kamba nyembamba kwa wakwea Mlima Kenya

Wakweaji wengi nchini hujifunzia katika majabali ya Lukenya, upande wa Kinanie, Machakos. Huko mwamba ukiwa mkavu, kamba ya kawaida ya nailoni yatosha. Lakini katika vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), kamba hiyo yaweza kuhatarisha maisha. Nailoni hunywa maji. Ikilowa huwa nzito na kupungua nguvu, kisha baridi ya usiku huigandisha ikawa kama ufito.

Chagua iliyotiwa dawa ya kuzuia maji hadi kwenye kiini, si gandani pekee. Shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA, hutambua ile isiyonywa zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake.

Hata hivyo, kamba nyembamba hukatika upesi kwenye kingo kali za mwamba. Afadhali jozi yenye alama ya ½, unene wa milimita 8 hadi 9: moja ikikatika, nyingine hubaki. Isitoshe, zikiungwa, mtu huteremka urefu wote wa kamba badala ya nusu. Jozi hiyo isipelekwe Lukenya kila mwisho wa juma, kwani vumbi na msuguano huimaliza dawa.