Jim Abbott
Jim Abbott (alizaliwa Flint, Michigan, 19 Septemba 1967) ni mchezaji wa zamani wa besiboli kutoka nchini Marekani. Alizaliwa bila kiganja cha mkono wa kulia. Alisoma shule ya sekondari ya Flint Central, kisha Chuo Kikuu cha Michigan.

Alicheza kama mrushaji. Aliegemeza glavu kwenye mkono wa kulia, akarusha mpira kwa mkono wa kushoto, kisha akauingiza upesi ndani ya glavu ili aweze kudaka.

Mwaka 1989 alianza kucheza ligi kuu katika timu ya California Angels bila kupitia ligi ndogo. Tarehe 4 Septemba 1993, akiwa na New York Yankees, alirusha mchezo mzima dhidi ya Cleveland Indians bila mpinzani hata mmoja kufika kituoni kwa pigo lake. Yankees walishinda 4-0. Alistaafu mwaka 1999.