Lawrence, Mtaa Uliokataa Kuhama

Wazee waliofuatilia riadha redioni mwaka 1968 bado wanalikumbuka jina la Jim Ryun, yule Mmarekani aliyeachwa na Kipchoge Keino kwenye mita 1,500 za Olimpiki ya Mexico City. Mwenzake Keino kwenye timu ya Kenya, Ben Jipcho, aliichemsha mbio tangu mzunguko wa kwanza, Keino akaipokea ikiwa moto, na Ryun, ambaye ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia, akaingia karibu sekunde tatu nyuma: 3:34.9 kwa 3:37.8. Ni wachache waliojiuliza kijana yule alitokea wapi. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kansas, na mji aliofanyia mazoezi unaitwa Lawrence. Ni mji wa watu wapatao 95,000 kwa sensa ya 2020, magharibi mwa Kansas City, uliokaa kati ya kilima na mto. Kilimani, paitwapo Mount Oread, ndiko chuo kiliko, na huko siku hizi hata Kiswahili kinafundishwa. Huku bondeni kuna barabara moja ya maduka, na hiyo ndiyo iliyonivuta kuandika.

Jina lake ni Massachusetts, ingawa wenyeji hawana muda na silabi zote hizo. Wao husema Mass, basi. Inaanzia karibu na mto Kansas, penye ofisi za mji, na kushuka kusini hadi bustani ya South Park. Majengo yake mengi ni ya matofali, ghorofa mbili au tatu, yamebanana bega kwa bega. Magari huegeshwa kwa kulalia upande, pua zikielekea dukani, na kati ya nafasi za maegesho kuna vitanda vya maua vilivyochomoza barabarani, vinavyomlazimisha dereva apunguze mwendo atake asitake. Mtu akikumbuka kitu upande wa pili huvuka katikati ya mtaa, palipotengwa pa kuvukia, bila kuhangaika kwenda hadi njia panda. Mandhari hiyo ni kazi ya miaka ya 1970. Kwa macho ya mpita njia ni urembo mtupu, lakini ilikuwa silaha ya vita.

Vita vyenyewe vilikuwa vya biashara. Kabla ya hapo barabara hii ilishaonja vita vya risasi.

Lawrence ilianzishwa mwaka 1854 na walowezi kutoka New England, wengi wao wapinzani wa utumwa, waliokuja Kansas makusudi ili eneo hilo lisije likaangukia mikononi mwa wenye watumwa. Ndiyo maana mitaa ya katikati ya mji ikapewa majina ya majimbo ya kwao: Massachusetts, Vermont, New Hampshire. Mei 21, 1856 watu wa upande wa utumwa, wakiongozwa na sherifu wa wilaya, waliiingia barabara hii na kuielekezea mizinga hoteli iliyoitwa Free State. Kuta zikagoma kuanguka, wakaishia kuichoma moto. Ikajengwa upya na kupewa jina la mwenyewe, Eldridge. Kisha alfajiri ya Agosti 21, 1863, katikati ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, William Quantrill, kiongozi wa wapiganaji wa upande wa utumwa, aliwasili na wapanda farasi wapatao 400. Kwa muda wa saa nne hivi waliwaua wanaume na wavulana zaidi ya 150 na kuteketeza karibu maduka yote ya Massachusetts. Eldridge ikawaka kwa mara ya pili. Mtu waliyemtaka kuliko wote, seneta James Lane, aliponea chupuchupu: alitoka nyumbani mbio akiwa na vazi la kulalia na kujitosa katika shamba la mahindi. Naomba msomaji aliweke akilini shamba hilo.

Wafanyabiashara walirudi, na cha ajabu ni kwamba walirudi palepale. Duka la Weaver's, ambalo hadi leo lipo kwenye barabara hiyo, linahesabu umri wake tangu 1857. Miaka mitatu tu baada ya mauaji, 1866, chuo kikuu kilifungua milango kwa wanafunzi 55, na toka hapo mji ukawa na mapigo mawili ya moyo, moja la kilimani na moja la bondeni.

Michezo ilishuka kutoka kilimani. James Naismith, mwalimu aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891 huko Springfield, alihamia Kansas mwaka 1898 na akawa kocha wa kwanza wa timu ya mchezo huo chuoni. Springfield ipo jimbo la Massachusetts, kwa hiyo mji huu unadaiwa na jimbo hilo mara mbili: jina la mtaa na mchezo unaoujaza. Mwenyewe Naismith hakuonekana kuhangaishwa na ushindi; alishinda mechi 55 na kufungwa 60, na hakuna kocha mwingine wa timu hiyo aliyeondoka na hesabu ya hasara. Mwanafunzi wake, Phog Allen, ndiye aliyeugeuza mchezo kuwa dini ya mji. Ukumbi wenye jina lake ulifunguliwa mwaka 1955, unaingiza zaidi ya watu 15,000, na mechi ikiwa kubwa hao ni sehemu ndogo tu ya wanaotaka kuiona. Wengine wote hushuka Mass wakatafute televisheni na mahali pa kukaa.

Si kila mtu aliyeruhusiwa kukaa. Mji uliojengwa na wapinga utumwa ulikuja kuwabagua Weusi kama miji mingine, na hili watalii hawasimuliwi sana kwenye ziara za Eldridge. Langston Hughes, mshairi, alilelewa hapa na bibi yake mwanzoni mwa karne ya 20. Katika kumbukumbu zake anasimulia siku alipopeleka senti tano kwenye dirisha la sinema kama kawaida yake. Mwanamke aliyekuwa akikata tiketi akairudisha ile sarafu kwa kuisukuma, akamwonyesha kwa kidole kibao kipya kilichokataza watu wa rangi yake. Miaka arobaini baadaye alikuja Wilt Chamberlain, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, nyota aliyewindwa na vyuo vya nchi nzima. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliingia kwenye mikahawa iliyowanyima Weusi huduma na kukaa mpaka alipohudumiwa, na baada yake wengine wakahudumiwa pia. Yapo mambo ambayo mpira uliyafanya kwenye barabara hii na sheria ilikuwa bado haijayafanya. Lakini inatia uchungu kufikiri kwamba ilibidi mtu awe mrefu kiasi hicho ndipo aonekane.

Tufike sasa kwenye vita vya biashara. Baada ya 1950 Marekani iliambukizwa homa ya magari. Barabara kuu zilijengwa pembezoni, watu wakafuata, na maduka yakafuata watu hadi kwenye majumba makubwa ya kibiashara yaliyozungukwa na ekari za lami za kuegeshea. Katikati ya miji mingi pakabaki madirisha yaliyopigwa mbao. Miji yenye vyuo haikusalimika. Baadhi ilibomoa mitaa kadhaa kwa fedha za serikali ikitumaini mwekezaji atakuja, na mwekezaji asije. Lawrence nayo ilikuwa na dalili. Mwaka 1970 Eldridge iliacha kuwa hoteli, vyumba vikapangishwa kama nyumba za kawaida. Hoteli iliyochomwa mara mbili ikafufuka ilikuwa sasa inakufa kifo cha taratibu, bila moshi.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 kampuni ya uendelezaji kutoka Cleveland ilitaka kujenga jumba la maduka kusini mwa mji, nje kabisa, mashambani. Wenyeji walilibatiza jina kabla halijapata hata msingi: jumba la shamba la mahindi. Shamba la mahindi lilimwokoa Lane. Hili la sasa lilikuja kumaliza kazi ya Quantrill. Wenye maduka wa Mass walielewa hesabu yake. Mji wenyewe ni mdogo, wateja wake wengi ni wanafunzi wanaoondoka Mei na kurudi Agosti, na mkate huo haukuwa na unene wa kukatwa mara mbili.

Madiwani walikataa kubadilisha matumizi ya ardhi. Walichokitamani wao, kwa miaka, ni jumba la namna hiyo lakini liwe katikati ya mji, na michoro ikaja na kwenda. Hapo ndipo wananchi walipowashangaza wote wawili, mwekezaji na diwani. Mwaka 1987 walipiga kura na kuukataa pia mpango wa jumba la katikati ya mji. Hawakutaka barabara ifunikwe paa wala ifungwe. Walitaka ibaki barabara.

Kampuni ya Cleveland ilikwenda mahakamani ikidai mji unawalinda wafanyabiashara wake dhidi ya ushindani. Kesi ilipanda hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho, ambayo mwaka 1991 iliamua kwamba kuulinda uhai wa kitovu cha mji ni sababu halali ya kukataa. Nadhani uamuzi huo ulistahili sanamu zaidi ya baadhi ya ndege wa Jayhawk, nembo ya chuo, waliotapakaa mjini humo kwa rangi nyekundu na bluu. Tumezoea kuamini kwamba kufufua mji ni kujenga. Kitu kilichoiokoa Mass kilikuwa kukataa, tena mara mbili, na mara ya pili waliokataa walikuwa wakikataa zawadi.

Kukataa peke yake hakulipi kodi ya pango, lazima niseme. Nafasi iliyobaki ilijazwa na watu wenye mitaji midogo na vichwa vigumu. Eldridge ilikarabatiwa katikati ya miaka ya 1980, ikarudi kuwa hoteli. Mwaka uleule wa kura, 1987, lilifunguliwa duka la vitabu la Raven, ambalo limeendelea kuuza vitabu hata baada ya kampuni kubwa ya vitabu kufungua tawi jirani, kukaa miaka, na kufilisika. Kisa cha Free State Brewing ndicho kinachonifurahisha zaidi. Kansas iliweka marufuku ya pombe kwenye katiba yake tangu miaka ya 1880, na hata marufuku ilipolegea, mtu hakuruhusiwa kupika bia na kuiuza kwa glasi mahali pamoja. Chuck Magerl aliwaandama wabunge mpaka sheria ikabadilishwa, kisha mwaka 1989 akawasha mitambo katika kituo cha zamani cha treni za umeme, mlango wa pili kutoka ukumbi wa Liberty Hall. Kilikuwa kiwanda cha kwanza cha bia kilicho halali Kansas kwa zaidi ya miaka 100. Jina alilichukua kwenye ile hoteli ya kwanza. Mtu anayekunywa hapo usiku wa mechi anakunywa, bila kujua, chini ya jina lililopigwa mizinga.

Ukitaka kuona barabara yenyewe inafanya kazi gani, tazama usiku wa Aprili 4, 2022. Timu ya Kansas ilikuwa New Orleans, ikicheza fainali ya vyuo na North Carolina, timu ileile iliyowafunga akina Chamberlain mwaka 1957 kwa pointi moja baada ya nyongeza tatu za muda. Safari hii Kansas iliachwa kwa pointi 16, ikarudi, ikashinda 72 kwa 69. Kipenga kilipolia, makumi ya maelfu waliteremka Mass kutoka kila upande. Wengine walining'inia kwenye nguzo za taa. Wito wa mashabiki wa chuo unaoanza polepole kama dua, Rock Chalk, ukavuma kutoka mtoni hadi South Park. Ilikuwa hivyo mwaka 2008, na 1988. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba hapo ndipo pa kukutania. Jumba la maduka lingekuwa limefungwa saa ile, na mlinzi mlangoni.

Ufanisi una madeni yake. Kodi za maduka zimepanda, na mahali palipouzwa viatu na misumari leo panauzwa chakula na vinywaji. Mama anayetafuta nguo za shule za mwanawe hana sababu kubwa ya kwenda Mass. Wafanyabiashara wana msimu wao wa kiangazi wa kukaza mkanda, wanafunzi wakiwa makwao. Na mshindani mpya hakutoka shambani. Mwaka 2025 uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo, uliojengwa 1921, ulifunguliwa tena baada ya kujengwa upya kwa sehemu kubwa, ukiwa na ukumbi wa mikutano ubavuni, na awamu inayofuata imepangiwa hoteli, makazi ya wanafunzi na maegesho. Chuo hakiwezi kukataliwa kama kampuni ya Cleveland. Hakihitaji kuomba ardhi, na sehemu kubwa ya mji imeajiriwa nacho au imesoma humo.

Kule mwanzo wa barabara, mtoni, kuna jengo moja ambalo ningemwonyesha yeyote anayechora ramani za kilima. Mwaka 1990 lilifunguliwa kama jumba la maduka ya bei za kiwandani, Riverfront Plaza: jaribio la mwisho la kuipa Mass kile ambacho wapiga kura walishakikataa. Maduka yalihama moja baada ya jingine. Sasa ndani yake kuna hoteli na ofisi, na mashabiki wanaokuja kwa mechi za majira ya baridi hulala huko. Asubuhi wakifungua pazia huona bwawa la Bowersock, maji ambayo hayajaganda chini yake, na tai wenye vichwa vyeupe kwenye miti ya ukingoni, wakingoja samaki.