Ninukuu maneno mangapi?

Kila anayegeuza tasnifu yake kuwa kitabu huuliza swali hilohilo: naruhusiwa kunukuu maneno mangapi ya mtu mwingine? Mmoja atakwambia 300, mwingine asilimia 10. Wote wanabahatisha. Kesi mbili za Marekani zinaonyesha kwa nini.

Kati ya 1834 na 1837 Jared Sparks alichapisha majuzuu 12 ya maandishi ya George Washington, zikiwemo barua tele. Baadaye mchungaji Charles Upham akaandaa kitabu cha juzuu mbili kwa ajili ya maktaba za shule, Washington akisimulia maisha yake mwenyewe. Wazo zuri kweli. Tatizo ni kwamba kati ya kurasa 866, kurasa 353 zilitoka neno kwa neno kwenye kazi ya Sparks. Kesi ikafika mahakamani. Utetezi ukawa: hizi ni barua za marehemu, si fasihi, sasa mwenyewe nani? Mwaka 1841 Jaji Joseph Story aliukataa: barua ni mali ya aliyeiandika na warithi wake. Halafu akataja mambo ya kupima: umechagua nini na kwa lengo gani, ni kiasi gani na kina thamani gani, na je, umemharibia mwenzako soko? Upham akashindwa, ingawa jaji mwenyewe alikiri kusikitika, maana kitabu kilikuwa na manufaa. Vipimo hivyo ndivyo vilivyozaa kifungu cha matumizi ya haki katika sheria ya Marekani ya 1976.

Haya, kurasa 353 ni nyingi, hata mtoto ataona. Lakini mwaka 1979 jarida la The Nation lilipata mswada wa kumbukumbu za Rais Gerald Ford kabla haujachapishwa, likatoa makala. Maneno yaliyonukuliwa yalikuwa kati ya 300 na 400, kutoka mswada wa maneno kama 200,000! Ila mengi yalihusu Ford alivyomsamehe Nixon, yaani kilekile ambacho watu wangenunulia kitabu. Jarida la Time, lililokuwa limekubali kununua dondoo kwa dola 25,000, likajitoa na kukataa kulipa nusu iliyobaki. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba The Nation ilikosea.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakuruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kihalali bila kuomba ruhusa, mradi unukuu kwa haki, usizidi kile ambacho lengo lako linahitaji, na umtaje mwandishi na chanzo. Idadi ya maneno haimo. Ukitaka kuingiza shairi zima au sura nzima, mwandikie mwenye haki mapema, upate ridhaa yake kwa maandishi kabla kitabu hakijaenda mtamboni.