Urithi wa Chuma: Bastola za Kivita katika Nchi ya Abagusii na Suala la Ukarabati

1. Utangulizi

Neno urithi katika Kiswahili lina maana mbili ambazo watumiaji wake hawazitenganishi kwa urahisi. Kwanza, ni mali inayotoka kwa marehemu kwenda kwa jamaa zake. Pili, ni hazina ya pamoja ya jamii nzima, ile ambayo siku hizi huitwa urithi wa taifa. Aghalabu maana hizo hukaa pamoja bila ya kugombana. Shamba la majani chai la Nyamira ni urithi kwa maana ya kwanza. Kumbukumbu ya Otenyo Nyamaterere ni urithi kwa maana ya pili. Hata hivyo, kipo kitu ambacho maana zote mbili hukidai kwa wakati mmoja, nacho ni silaha ya kale: bastola ya kijeshi, iliyoharibika, iliyopita mikononi mwa vizazi vitatu au vinne.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika Kisii na Nyamira, swali la namna ya kuitengeneza bastola ya aina hiyo ni swali la historia kabla ya kuwa swali la ufundi. Na kwamba kazi ya kwanza ya mkarabati ni kusoma.

2. Chuma na maneno yake

Abagusii hawakungoja mgeni awafundishe chuma. Mhunzi kwao ni omoturi, na Wagikuyu nao humwita muturi. Shina la neno hilo ni la kale sana katika lugha za Kibantu, na maana yake ni kufua. Kazi ya mhunzi haikuwa jembe na mkuki tu. Pete za chuma ziitwazo ebitinge, zilizovaliwa miguuni, zilimtambulisha mwanamke aliyeolewa kwa taratibu kamili. Kwa hiyo chuma kilikuwa pia ishara: aliyekitazama aliweza kusoma hali ya mtu aliyekivaa.

Maneno ya silaha za moto yana historia nyingine. Kiswahili kilipokea bunduki, risasi na baruti kwa njia ya Kiarabu, na bastola kutoka lugha za Ulaya, kisha kikayapeleka mengine bara. Wajaluo, majirani wa Abagusii, husema bunde. Wagikuyu wakalichukua neno mzinga wakasema mucinga. Katika mwambao sehemu za bunduki zilikuwa na majina yake: kasiba au mtutu, kitako, mtambo, mdeki, fataki. Fundi wa bara aliyeletewa silaha iliyovunjika alikuwa na msamiati wake uliokamilika kuhusu moto, nyundo na chuma, lakini mtambo uliokuwa mbele yake ulikuwa umefika kutoka mbali, na maneno yake kadhalika.

3. Njia zilizoileta

Silaha za moto ziliingia katika nchi ya Abagusii kama hoja ya mwenye nguvu. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kilishambulia kwa bunduki watu waliokuwa na mikuki. Januari 1908 Otenyo, akichochewa na mwaguzi Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa serikali ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na adhabu iliyofuata ilichukua roho za watu wengi, mifugo yao na nyumba zao.

Miaka sita baadaye wageni walipigana wao kwa wao. Mwezi wa Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka kutoka kusini likaukalia mji wa Kisii. Tarehe 12 mwezi huo askari wa King's African Rifles waliwashambulia, na katika vita hivyo aliuawa Kapteni Thorneycroft. Pande zote mbili hatimaye ziliondoka. Mji ukabaki bila mwenyewe, na wenyeji wakaingia katika maofisi, maduka na misheni wakachukua walichokikuta. Waingereza waliporudi, waliwaadhibu. Hapana shaka kwamba chochote kilichobaki nyumbani baada ya adhabu hiyo kilikuwa kitu cha kufichwa na kunong'onezwa, si cha kuonyeshwa.

Baadaye ikaja njia ya utumishi. Vijana wa Kigusii walichukuliwa katika vita vyote viwili vikuu, wengine kuwa askari, na katika vita vya kwanza wengi kuwa wapagazi wa lile jeshi la mizigo lililotuachia jina Kariakoo. Hapa inafaa kukumbuka jambo moja ambalo simulizi za jamaa husahau. Mpagazi hakupewa silaha. Askari wa kawaida alipewa bunduki. Bastola ilikuwa silaha ya ofisa, na katika miaka ya 1914 hadi 1918 ofisa wa King's African Rifles alikuwa Mzungu. Bastola kiunoni ilikuwa alama ya cheo, na cheo kilikuwa alama ya rangi.

Kwa hiyo, familia inaposema kwamba babu "alipewa bastola vitani", kauli hiyo haistahili kudharauliwa, wala haistahili kupokewa bila kuulizwa. Yumkini alipewa kama zawadi, yumkini aliiokota, yumkini aliichukua Kisii mwaka 1914, na neno "alipewa" likawa vazi la kuficha neno "alichukua", kwa sababu lile la pili lilikuwa na adhabu. Kila mojawapo ya historia hizo inamfanya babu kuwa mtu tofauti.

4. Maandishi juu ya chuma

Shahidi anayeweza kuamua baina ya historia hizo ni bastola yenyewe, kwani ni kitu chenye maandishi. Webley ya Mark VI, iliyotengenezwa Birmingham na kukubaliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915, hubeba jina la aina yake, mwaka na namba. Mali ya serikali ya Uingereza hupigwa chapa ya mshale mpana. Upande wa Wajerumani zilikuwapo Reichsrevolver za 1879 na 1883, na bastola ya P08 iliyopokewa na jeshi lao mwaka 1908. Nazo zina chapa na namba zake.

Thamani ya maandishi hayo ni dhahiri. Webley yenye mwaka 1916 haiwezi kuwa imeokotwa katika vita vya Kisii vya 1914, hata simulizi ikisema hivyo kwa sauti kubwa namna gani. Kinyume chake, bastola ya Kijerumani yenye mwaka wa kabla ya vita huipa simulizi ya 1914 nguvu ambayo haikuwa nayo.

Lakini maandishi hayo yana kina cha sehemu ndogo tu ya milimita, nayo yamo katika nchi ya milima ambayo mvua yake huzidi milimita 1,500 kwa mwaka. Kutu huyafunika. Fundi mwenye nia njema hushika tupa na msasa, husugua mpaka chuma king'ae kama sufuria jipya, na mwenye mali hufurahi. Kwa saa moja mwaka, namba na chapa huondoka pamoja na kutu, na hakuna ufundi utakaovirudisha. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Anayeukwangua ukoko wote amebaki na jungu tu.

Wanafunzi wa miswada ya Kiswahili wanalijua kosa hili kwa sura nyingine. Mhariri aliyepokea utenzi wa Kiamu katika hati za Kiarabu, akausafisha hadi ukasomeka kwa Kiunguja, hakuukarabati. Aliufuta ushahidi wa mahali ulikotoka. Mhariri mwema huonyesha palipotoboka, na nyongeza yake huiwekea alama. Hali kadhalika na chuma. Mtaalamu mwenye kibali huhakikisha kwanza kwamba silaha haina risasi. Kisha hupigwa picha, na kila chapa hunakiliwa. Kutu inayolegea huondolewa kwa brashi laini na mafuta mepesi, na nta nyembamba huzuia unyevu. Kilichovunjika huachwa kama kilivyo, kwani huenda kilivunjika siku ambayo familia inaisimulia. Kitenzi kinachofaa hapa si kutengeneza, ambacho huelekeza kitu kwenye kazi yake ya kwanza, bali kuhifadhi.

5. Sheria mbili na kitu kimoja

Ugumu wa mwisho uko katika sheria. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, humtaka mwenye silaha awe na cheti, na anayetengeneza silaha kwa biashara awe amesajiliwa. Mrithi asiye na cheti, hata akiwa na nia ya kuhifadhi tu, amekwisha kuingia matatani. Kwa upande mwingine, Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 huvitambua kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Mwaka huo ndio Uingereza ilipoitangaza nchi kuwa himaya yake. Bastola iliyofika Kisii mwaka 1914 imechelewa kwa miaka 19.

Hivyo kitu kimoja huonekana na sheria inayokiita silaha, na hakionekani kwa wepesi na sheria inayolinda urithi. Ipo njia: Waziri anaweza kutangaza katika Gazeti Rasmi kwamba kitu chenye maana ya kihistoria kinalindwa. Lakini njia hiyo humngoja mtu wa kukisemea kitu hicho, ilhali tanuri halingoji. Novemba 2016 serikali iliteketeza huko Ngong silaha haramu zaidi ya 5,000. Usalama wa raia ulidai hivyo, wala hakuna wa kuulaumu. Hata hivyo, bastola ya kale ikisalimishwa bila maelezo, huingia katika moto uleule ikiwa chuma tupu.

6. Hitimisho

Historia ya Abagusii ya miaka ya 1905 hadi 1914 iliandikwa kwa sehemu kubwa na maofisa waliobeba bastola. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba moja ya silaha hizo, ikiwa imekaa nyumbani kwa Mgusii kwa miaka mia, inaweza kuwa hati ambayo maofisa hao hawakuitunga. Familia iliyonayo ina wajibu wa kuipeleka mbele ya sheria, na wanataaluma wana wajibu wa kwenda nayo, ili kabla ya kuchukuliwa inakiliwe chapa zake na yaandikwe maneno ya wazee kuihusu, kwa Ekegusii kama yalivyosemwa. Chuma kikienda, nakala hiyo ndiyo itakayobaki. Na hapo maana mbili za neno urithi zitakuwa zimekutana, kwa kuwa kilichokuwa cha nyumba moja kitakuwa kimesomeka kwa wote.