Wainjilisti wa Vilimani: Makanisa ya Bukiriro, Ngara na Biharamulo Yalivyoota

Kata ya Bukiriro iko wilayani Ngara, kwenye pembe ya Mkoa wa Kagera ambako Tanzania inagusana na Rwanda na Burundi. Ni nchi ya vilima, migomba, maharage na kahawa. Ukiiacha Ngara na kushika njia ya mashariki, unapita Lusahunga, na mbele yake unaikuta Biharamulo. Katika safari hiyo yote hukosi kanisa machoni: lingine la tofali za kuchoma na bati, lingine la udongo na nyasi, lingine bado ni kivuli cha mti na mabenchi ya magogo.

Mtu akiuliza makanisa haya yalitoka wapi, mara nyingi hutajiwa wamisionari. Ni kweli walikuja, na mchango wao haufichiki. Lakini mmisionari alikuwa mmoja na vilima ni vingi. Waliofika huko juu walikuwa wenyeji na majirani zao: vijana waliojua kusoma, wake zao waliowafundisha wanawake wenzao, na wazee waliotoa kipande cha shamba ili pajengwe kibanda cha sala. Kila mara wageni walipoondoka, kanisa lilibaki pale tu ambapo mwenyeji mmoja alikuwa amefundishwa vya kutosha kulishika. Hayo ndiyo yaliyoujenga Ukristo wa upande huu, na ndiyo yanayosahaulika leo.

Jiografia iliwasaidia wahubiri hao. Wahangaza na Washubi wa Ngara husikilizana bila taabu na Warundi na Wanyarwanda. Zamani Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilihesabiwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza na Ubelgiji zilipogawana koloni la Wajerumani, Bugufi ikabaki Tanganyika. Mpaka ukachorwa, lakini lugha haikukatika. Mhubiri aliyevuka mto Kagera au Ruvubu hakuhitaji mkalimani, na hata mithali zake zilieleweka.

Mfano wa kwanza wa kanisa lililoshikwa na wenyeji ulikuwa umeonekana kaskazini, Bukoba. Huko Wahaya kadhaa walijifunza kusoma Injili Uganda na kurudi nayo nyumbani kabla wamisionari wa Kijerumani wa Bethel, wakiongozwa na Ernst Johanssen, hawajafika mwaka 1910. Vita vilipowaondoa Wajerumani hao, kanisa halikufungwa. Wenyeji kama Andrea Kajerero waliendelea kuwakusanya waumini, kuwafundisha na kuwaandaa kwa ubatizo. Kwa miaka kadhaa ushirika ule uliishi kwa mikono ya walimu wake wenyewe.

Mwaka 1927 Waanglikana waliunda Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers, na wamisionari wa Kianglikana kutoka Australia wakapewa eneo kubwa lililofika hadi pande hizi za magharibi ya Ziwa Victoria. Katika eneo hilo, mahali paitwapo Katoke, Lionel Bakewell aliongoza shule ya kuandaa walimu. Ngara, kituo cha Murgwanza kikaja kuwa na kanisa na hospitali inayotumika mpaka leo. Katoke ilikuwa na maana ya pekee kwa vijiji vya mbali. Kijana aliyetoka pale alipewa darasa na mimbari kwa pamoja: siku za wiki aliwafundisha watoto herufi na hesabu, Jumapili akahubiri katika jengo lile lile. Kwa wazazi wengi mlango wa shule ulikuwa ndio mlango wa kanisa.

Kisha moto wa uamsho ukatoka ng'ambo ya mpaka. Kituo cha Gahini, mashariki mwa Rwanda, kilikuwa na hospitali ya Dakta Joe Church, Mwingereza. Mwaka 1929, akiwa amechoka na kuvunjika moyo, Church alikutana Kampala na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mwaka huo huo mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kufanya kazi, na baadaye akaiongoza shule ya wainjilisti. Yosiya Kinuka alikuwa akihudumu hospitalini. Hawa, pamoja na William Nagenda, ndio waliokuwa kiini cha uamsho ulioenea Afrika Mashariki nzima. Kigozi hakuuona ukikomaa, kwa maana alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1930 vikundi vya mashahidi vilikuwa vimefika Katoke, na kutoka hapo habari ikasambaa Biharamulo, Ngara na Bukoba.

Kilichowagusa watu ni matendo. Mtu alisimama hadharani akataja dhambi zake, akarudisha alichoiba, akamwomba radhi jirani waliyekuwa hawasemezani. Mzungu na Mwafrika waliungama mbele ya wenzao, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika utawala wa kikoloni. Walokole, kama walivyoitwa watu wa uamsho huo, walikutana kila wiki, wakachunguzana kwa upendo na wakati mwingine kwa ukali, wakatumana wawili wawili kwenda kushuhudia. Hawakusubiri bajeti wala kibali cha ofisi. Ndivyo makanisa mengi yalivyozaliwa pale ambapo hakuna padri wala kasisi aliyewahi kulala.

Namna kanisa linavyoota kwenye kilima haijabadilika sana. Kwanza ni nyumba moja: familia iliyohamia, au mtu aliyeokoka akiwa safarini. Majirani wachache wanakusanyika jioni kusali. Wakiongezeka, parishi ya karibu inamtuma mwinjilisti awaangalie, na kundi lao linakuwa mtaa. Mwinjilisti huyo ni mkulima kama wao. Alfajiri yuko shambani, alasiri anapanda baiskeli kwenda kumwona mgonjwa au kufundisha darasa la ubatizo. Anahubiri, anazika, anapatanisha wanandoa. Lakini hagawi Meza ya Bwana. Hiyo inamsubiri mchungaji, ambaye ana mitaa mingine mingi na huja kwa zamu. Sadaka ni fedha kidogo, na zaidi ni mkungu wa ndizi, maharage kwenye kikapu au kuku aliyefungwa miguu. Baada ya ibada hufanyika mnada mlangoni. Kuku yule yule anaweza kununuliwa, akatolewa tena sadaka na kupigwa mnada mara ya pili, na kila shilingi inakwenda kwenye bati. Hilo ni kanisa linalojitegemea.

Wakatoliki wa eneo hili walifikia hatua hiyo kwa njia yao. Jimbo la Rulenge lilipata jina hilo mwaka 1960, na Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza kuanzia 1969 hadi 1996, alijulikana kwa kwenda kuishi maisha ya ujamaa pamoja na wanakijiji na kwa kusisitiza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Kwake Kanisa lilikuwa majirani wanaosoma Neno na kusaidiana, na katekista ndiye aliyekuwa nguzo ya kila siku. Madhehebu tofauti yakawa yamepata jibu lile lile: imani inakaa mahali penye mlezi wa karibu.

Jaribu kubwa lilikuja kupitia mpaka ule ule ulioleta uamsho. Ngara ilikwisha kupokea wakimbizi wa Rwanda, waliopewa makazi Muyenzi miaka ya 1960, na Warundi baada ya mauaji ya 1972 na tena mwaka 1993. Kisha, mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji kwa usiku mmoja. Makanisa ya Ngara yaligawana nao maji, kuni, chakula na viwanja vya ibada, na wahubiri wakaingia kambini kufariji. Lakini swali lilikuwa zito: waumini walikuwa wamefundishwa kwa kina gani? Rwanda ilikuwa nchi ya waliobatizwa, nchi ya Gahini yenyewe, na humo waumini waliwaua waumini, wengine ndani ya makanisa. Idadi ya waliobatizwa haikuwa kipimo cha kina cha mafundisho.

Swali hilo linatuhusu sisi wa leo. Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana, yenye makao yake Ngara, ilianzishwa mwaka 1985, Askofu Christopher Ruhuza akiwa wa kwanza, na Biharamulo nayo baadaye ikapata dayosisi yake. Wachungaji wanasomea theolojia Ngara kwenyewe, jambo ambalo kizazi cha Katoke kingelishangilia. Makanisa ya Kipentekoste yameongezeka, na mikutano ya Injili yenye vipaza sauti inavuta umati. Kufungua kanisa kumekuwa rahisi kuliko zamani.

Kumlea mhubiri ndiko kumebaki kugumu. Mwinjilisti wa kilimani bado anaandaa mahubiri kwa taa ya mkononi, akiwa na Biblia moja na daftari la semina ya wiki moja. Anaulizwa kuhusu mgogoro wa mipaka ya mashamba, mirathi, VVU, wahubiri wa miujiza na chuki za kikabila zinazonong'onwa kutoka ng'ambo. Asipofundishwa atajibu kwa alichosikia tu, na kundi zima litamfuata huko.

Kwa hiyo kila parishi inayojivunia mtaa mpya ijiulize mwinjilisti wake anasoma wapi na nani anamlipia. Mnada unaonunua bati unaweza kununua vitabu pia. Masomo ya miezi michache baada ya mavuno, yanayofundishwa karibu na nyumbani, yanawezekana hata kwa mtu mwenye shamba na watoto. Wanawake, wanaojaza mabenchi na kuongoza sala za nyumbani, wapewe nafasi katika masomo hayo. Waliotutangulia walitumia walichokuwa nacho kuwafundisha walimu kwanza, na ndiyo maana vita na mipaka havikuyang'oa makanisa yao.