Wino Mwekundu wa Mwalimu

Kila mtu aliyepita shuleni anaukumbuka wino mwekundu. Mwalimu anarudisha makaye. Mtoto anafungua yake polepole, na kabla hajasoma hata neno moja, rangi imekwisha kumwambia habari. Je, desturi hii ilitoka wapi?

Ilitoka mbali. Katika nchi ya Misri, karibu miaka 4000 iliyopita, waandishi walikuwa na wino wa namna mbili: mweusi wa masizi, na mwekundu wa udongo mwekundu uliosagwa. Wanafunzi waliandika juu ya ubao uliopakwa rangi nyeupe, kusudi upakwe na kutumiwa tena. Ubao mmoja wa namna hii umehifadhiwa katika jumba la Metropolitan, mjini New York. Mwanafunzi aliandika kwa wino mweusi akakosea. Mwalimu wake akasahihisha kwa wino mwekundu. Maana yake ni wazi: mkono wa mwalimu usichanganyike na mkono wa mwanafunzi.

Waroma nao waliuita udongo huo mwekundu kwa Kilatini rubrica. Baadaye watawa walionakili vitabu katika monasteri walitumia wino mwekundu kuandika vichwa vya sura na maagizo ya ibada. Ndiyo sababu hata leo maagizo hayo huitwa rubrika. Mtazameni Padri altareni: katika kitabu cha Misa, maneno meusi huyasema, maneno mekundu huyatenda. Wekundu ule haumshitaki Padri hata kidogo. Unamwonyesha njia, asipotee.

Gutenberg alipochapa Biblia mjini Mainz, karibu na mwaka 1455, alijaribu kuchapa maneno mekundu katika kurasa za kwanza. Kazi ikawa mara mbili, akaacha. Nafasi zikajazwa kwa mkono. Katika miaka ya 1870 wataalamu wa Ujerumani walipata rangi nyekundu iitwayo eosini, na wino mwekundu ukawa rahisi kutengenezwa.

Lakini rangi hii ina hatari yake. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walitoa habari za majaribio yao. Watu walipewa insha moja waisahihishe, wengine kwa kalamu nyekundu, wengine kwa kalamu ya buluu. Wenye nyekundu walitoa alama za chini zaidi. Kumbe kalamu nayo humfundisha mwalimu ukali!

Mimi mwenyewe nilimrudishia mtoto mmoja kaye yake, imejaa mistari mekundu toka juu hata chini. Kesho yake alikuja bila kaye. Alikuwa ameichana. Nilipomwuliza, alijibu: «Mwalimu, hamkuona hata neno moja zuri.» Nilinyamaza, kwa kuwa alisema kweli.

Tangu siku ile sikuutupa wino mwekundu, ila nimebadili kazi yake. Penye kosa sipigi mstari tu. Naandika juu yake neno lililo sawa, kama mwalimu yule wa Misri. Na penye neno jema natia alama, kwa wino uleule.

Walimu wenzangu, mwenye kupenda kijani achague kijani, mwenye buluu achague buluu. Lakini rangi peke yake haitoshi. Kabla ya kufunga kaye ya mtoto tujiulize: je, wino wangu umemwonyesha njia, ao umemwonyesha tu kwamba amepotea?